DAFTARI KWANZA, MEZA BAADAYE
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani mjini Songea, juu ya mitambo ya kazi halmashauri zinapogawanywa au kuunganishwa



Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo watumishi wengi wa mkoa huu wamekwisha kulikuta, na wale ambao hawajalikuta huenda wakalikuta kabla ya kustaafu. Jambo lenyewe ni hili: halmashauri inapogawanywa, au inapounganishwa na nyingine, au inapovunjwa na kazi zake kupewa chombo kingine, tufanyeje na mitambo ya kazi, yaani kompyuta, mifumo ya hesabu, na kumbukumbu zilizomo ndani yake?

Wengi hudhani kwamba hilo ni shauri la mafundi wa TEHAMA peke yao. Sisi twaona sivyo. Ni shauri la karani wa masjala, la mweka hazina, la afisa utumishi, na la mtendaji wa kijiji. Na kuliko wote ni shauri la mwananchi aliyetoa fedha yake akapewa stakabadhi, akaenda zake nyumbani akiamini kwamba jina lake limeandikwa mahali.

Neno tutakalosema ni moja, na mengine yote ni maelezo yake. Halmashauri inapogawanywa, watu huanza kwa kugombea magari, majengo, na meza. Daftari hukumbukwa mwisho, wakati kila mtu amekwisha kuchoka. Sisi twasema daftari litangulie. Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku hizi, kwa kuwa daftari limo ndani ya mtambo, hupotea upesi zaidi, tena kimya.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wilaya ya Songea ya zamani ilikuwa pana sana. Mwaka 2002 ilimegwa, ikazaliwa Wilaya ya Namtumbo. Mwaka 2015 likamegwa eneo la Madaba, likawa halmashauri yenye mkurugenzi wake na baraza lake, ijapokuwa bado limo katika Wilaya ya Songea. Upande wa magharibi, Mbinga ilizaa Nyasa mwaka 2012, kisha mwaka 2015 ikapata Halmashauri ya Mji kando ya ile ya Wilaya. Kwa hiyo leo mkoa wetu wa Ruvuma una halmashauri 8: Manispaa ya Songea, Songea Wilaya, Madaba, Namtumbo, Tunduru, Mbinga Wilaya, Mbinga Mji, na Nyasa. Karibu kila mmoja wetu humu ndani amefanya kazi katika halmashauri iliyozaa au iliyozaliwa.

Sasa tazameni tofauti ya nyakati. Namtumbo ilipozaliwa, kazi nyingi za halmashauri zilikuwa bado katika majalada ya karatasi. Jalada lina taabu zake: huliwa na mchwa, huloa mvua, hukaa chini ya kitako cha mtu asiyetaka lionekane. Lakini lina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba halikai mahali pawili. Likipakiwa katika gari kwenda Namtumbo, Songea halipo tena. Na karani aliyelitoa na karani aliyelipokea wote wawili hutia sahihi. Madaba ilipozaliwa miaka 13 baadaye, kumbukumbu nyingi zilikuwa zimekwisha kuingia katika kompyuta. Kumbukumbu ya kompyuta hunakiliwa kwa dakika moja. Nakala yaweza kukaa Songea, na nyingine Madaba, na kila upande ukaendelea kuandika katika nakala yake. Baada ya mwaka mmoja mna madaftari mawili yenye jina moja yasiyokubaliana, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika lipi ni la kweli. Hapo ndipo ilipo hatari mpya ambayo wazee wetu wa masjala hawakuijua.

Wazee wetu nao walikuwa na mtihani wao, tena mzito kuliko wetu. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa nchi nzima, na kazi zake zikatiwa chini ya Serikali Kuu katika ule mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za miji zikavunjwa vile vile, zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena. Fikirini basi habari ya tarishi aliyeajiriwa na halmashauri ya wilaya mwaka 1965. Mwajiri wake amekufa mwaka 1972, akafufuka mwaka 1984 akiwa na jina lile lile lakini si yule yule. Tarishi huyo anapostaafu huulizwa barua ya kuajiriwa. Je, barua hiyo inakaa katika kabati la nani? Akiwa na nakala yake mwenyewe ndani ya kisanduku chini ya kitanda, amepona. Asipokuwa nayo, miaka 7 ya jasho lake yategemea kwamba karani fulani, katika msukosuko wa mwaka 1972, aliona jalada lile ni la thamani.

Mabibi na Mabwana, karani huyo ndiye sisi. Wajibu haukubadilika. Kilichobadilika ni kabati.

Hatusemi mbele yenu kama watu wasio na doa. Miaka kadha iliyopita tulikuwa katika kazi hii hii katika halmashauri moja, ambayo hatutaitaja jina, ilipopata mtoto. Makabidhiano yalifanywa kwa sherehe. Magari yalihesabiwa, viti vilihesabiwa, hata mapazia yalihesabiwa. Orodha ya wapangaji wa vibanda vya soko ikanakiliwa katika flashi, ikapelekwa kwa pikipiki. Hapana aliyetia sahihi, wala aliyeandika nakala ile ni ya tarehe gani. Kumbe ilikuwa imepitwa na miezi mitatu.

Katika miezi ile mitatu mama mmoja muuza dagaa alikuwa amelipa kodi ya kibanda chake ya mwaka mzima. Alipoambiwa anadaiwa, alileta stakabadhi yake, ile karatasi nyembamba itokayo katika mashine ya POS. Lakini maandishi yalikuwa yamefifia yote, kama yafanyavyo maandishi ya karatasi zile zikikaa penye joto. Halmashauri mama ikamwambia, "Soko hilo si letu tena." Halmashauri mtoto ikamwambia, "Kwetu jina lako halina malipo." Nasi makarani tulimshauri alipe tena, yaishe. Akalipa. Baadaye tulipopata ruhusa ya kutazama kumbukumbu za zamani, tuliliona jina lake, na tarehe, na fedha yote kamili. Tulikwenda kumtafuta tumpe habari, tukakuta kibanda kina mtu mwingine. Alikuwa ameacha biashara.

Hatukuiba, wala hatukusema uwongo. Tulifuata kilichokuwa katika mtambo. Ila hapana aliyeuliza mapema mtambo ule umebeba nini na umeacha nini. Tangu siku ile tumeona kwamba kosa la namna hii lina uzito wa wizi kwa yule anayelipatwa, hata kama mikono ya karani ni safi.

Sasa wako watakaotujibu hivi: "Hayo yalikuwa ya zamani, wakati kila halmashauri ilipojitafutia mtambo wake. Leo mifumo ni ya nchi nzima. Mipango na bajeti ziko katika PlanRep, ile iliyofanywa upya mwaka 2017. Malipo yako katika MUSE, iliyochukua mahali pa Epicor. Mapato yana TAUSI ya TAMISEMI, na ankara zote zina kumbukumbu namba ya malipo. Manunuzi yamo katika NeST. Halmashauri ikigawanywa, huko juu hufunguliwa ukurasa mpya, basi."

Jibu hilo lina ukweli, nasi hatulikatai. Ni baraka kubwa kwamba halmashauri changa haina haja tena ya kununua mtambo wa hesabu wala kuomba wa jirani. Tena Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, imeweka Mamlaka inayoangalia mifumo ya taasisi za umma ipatane na isirudufiane ovyo. Lakini mfumo wa Taifa ni mfano wa nyumba ya kupanga iliyojengwa vizuri. Waikuta ina kuta na paa. Vyombo waja navyo mwenyewe. Nani aliyeko katika orodha ya wadaiwa? Kijiji gani kiko upande gani wa mpaka mpya? Kiwanja nambari fulani kimelipiwa hadi lini? Mtumishi gani ana haki ya kuidhinisha malipo? Hayo hayajui mtu wa Dodoma. Hayo twayajua sisi tulio hapa, na tukiyaingiza vibaya, mfumo utayatunza vibaya kwa uaminifu mkubwa.

Fikirini zahanati au shule iliyo katika kata ya Gumbiro. Siku Madaba ilipopata halmashauri yake, jengo lile halikusogea hata hatua moja. Mwalimu alifundisha darasa lile lile, na muuguzi akapima mgonjwa yule yule. Lakini katika madaftari, jengo lile limesafiri safari ndefu: fungu lake la fedha limehama, akaunti yake imepata msimamizi mwingine, dawa zake zaagizwa kwa jina jingine, na mshahara wa watumishi wake waandikwa chini ya halmashauri nyingine. Kila moja ya safari hizo ina mlango wake na karani wake. Mmoja akisahau, mgonjwa hukosa dawa ilhali dawa imekwisha kulipiwa.

Na tusidhani kwamba hatari ni ya wale wanaogawanywa tu. Wanaounganishwa nao wana yao, na wanaobadilishwa jina vile vile. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Raia aliyesoma gazeti aliona kwamba jina limehama. Lakini mtunza kumbukumbu huona zaidi. Stakabadhi ya mwaka 2019 iliyoandikwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na stakabadhi ya mwaka 2022 iliyoandikwa maneno hayo hayo, zimetolewa na vyombo viwili mbalimbali. Mtambo unaotambua chombo kwa jina lake utavichanganya viwili hivyo kuwa kimoja. Mtambo unaotambua chombo kwa namba yake, na tarehe ya kuanza na ya kwisha, hautachanganya. Jambo dogo kama hilo laweza kuokoa kesi nzima mahakamani.

Dodoma nayo ina somo lake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iitwayo CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, na kazi zake zikapewa Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji. CDA ilikuwa imewapa watu viwanja kwa mikataba ya miaka 33. Ikaamriwa wapewe hati za miaka 99. Hapo haitoshi kuchukua orodha ya viwanja kutoka mtambo huu kuitia katika ule. Neno lililoandikwa katika safu ya "muda wa umiliki" limebadilika maana. Karani anayehamisha tarakimu bila ya kuuliza maana yake amehamisha ganda, kiini kimebaki nyuma.

Jirani zetu wa Kenya walipata kazi kubwa kuliko hiyo. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za mitaa 175 ziliondoka, zikaingia kaunti 47. Nyingi za zile 175 zilikuwa zimezoea mtambo wa hesabu ulioitwa LAIFOMS, na Serikali Kuu ilikuwa na wake ulioitwa IFMIS. Iliwekwa Mamlaka ya Mpito kusimamia mali, madeni na watumishi. Lakini tazameni ugumu uliokuwa chini ya mitambo yenyewe. Kaunti moja yaweza kurithi baraza la manispaa, baraza la mji na baraza la wilaya, na kila baraza lilikuwa na viwango vyake vya leseni na vya kodi ya viwanja. Fundi akiulizwa aunganishe mitambo, naye atauliza: "Nitumie kiwango kipi?" Swali hilo si la fundi. Ni la baraza na la sheria. Basi jueni kwamba kuunganisha mitambo huanza kwa kuunganisha kanuni. Na pasipo kanuni moja, mtambo mmoja utasema kwa ndimi tatu.

Twaweza kujifunza hata ng'ambo ya bahari. Denmark ilipunguza halmashauri zake kutoka 271 hadi 98 tarehe 1 Januari 2007. Lakini wajumbe wa halmashauri mpya walichaguliwa Novemba 2005, wakapata mwaka mzima wa 2006 wa kutengeneza mambo kabla ya zile za zamani kufungwa. Na huko Japani, mwaka 2002, mabenki 3 makubwa yaliungana kuwa Mizuho. Kila moja ilikuwa na mtambo wake, na badala ya kuchagua mmoja na kuhamia huo, mitambo ikafungwa pamoja kama magogo ya chelezo. Siku ya kufungua, tarehe 1 Aprili, mashine za kutolea fedha zikakwama na mamilioni ya malipo yakachelewa. Hawakukosa fedha wala mafundi. Wakubwa hawakukubaliana ni mtambo wa nani uachwe. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na nyasi za siku ile ni watu waliotaka kulipa kodi ya nyumba.

Basi, Bwana Mwenyekiti, tukiyakusanya haya yote, twapenda kuweka mbele ya wanachama mambo saba ya kufanya siku tangazo la mabadiliko linapotoka. Si maarifa ya ajabu. Ni desturi njema ya masjala ikitiwa katika mitambo.

Kwanza, iandikwe leja ya mifumo yote. Kila mfumo uandikwe jina lake, umebeba kumbukumbu gani, nani huandika ndani yake, mkataba wake na mwenye kuutengeneza waisha lini, na nani ameshika nywila, yaani maneno ya siri. Msisahau ile mifumo midogo isiyo na jina: jedwali alilojitengenezea karani wa soko, daftari la mtendaji wa kata, orodha ya mikopo ya vikundi iliyo katika kompyuta ya mtu mmoja. Mara nyingi ukweli umo humo.

Pili, tangu tangazo hadi makabidhiano, pasinunuliwe mtambo mpya wala pasitiwe sahihi mkataba mrefu, ila kwa dharura. Mkataba wa miaka 3 unaotiwa sahihi miezi 3 kabla ya kugawanyika ni deni ambalo mtoto huzaliwa nalo bila ya kuulizwa.

Tatu, ichaguliwe siku moja ya kufunga vitabu. Tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, yafaa sana. Kabla ya siku hiyo kila kitu ni cha halmashauri ya zamani. Tangu siku hiyo ni cha mpya. Hesabu zilinganishwe na za benki, madeni yaandikwe, na nakala itiwe tarehe na saa. Nakala isiyo na tarehe ni uvumi tu.

Nne, litengenezwe jedwali la zamani na sasa. Kila kijiji, kata, zahanati, shule, soko, na kiwanja, kiandikwe namba yake ya zamani na namba yake mpya kando kando. Jedwali hilo litunzwe daima, maana baada ya miaka 10 atatokea mtu mwenye karatasi yenye namba ya zamani, naye ana haki ya kujibiwa.

Tano, mfumo wa zamani usizimwe siku ile ile. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mfumo mpya na wa zamani ziende pamoja kwa muda uliowekwa, japo mishahara ya mwezi mmoja na mapato ya robo moja, hata majibu yao yalingane. Kisha ule wa zamani ufungwe, usiandikwe tena, lakini usomeke. Pawe na nakala kwa mama na nakala kwa mtoto, na utunzaji wake uwe kama iamuruvyo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002. Lakini mtoto apewe habari za watu wake, asipewe za watu wote. Kwa kuwa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jina la mtu, ugonjwa wake na mshahara wake havigawiwi ovyo kama mahindi ya sadaka.

Sita, funguo zibadilishwe. Mtumishi aliyehamishwa kwenda halmashauri mpya asibaki na ruhusa ya kuidhinisha malipo katika ile ya zamani. Hatusemi hivi kwa kumshuku mtu. Twasema hivi ili mtu mwema asije akasingiziwa. Mlango uliofungwa humlinda hata yule aliye nje.

Saba, na hili ndilo la moyoni mwetu zaidi, liwekwe dirisha la malalamiko lenye karani mwenye uwezo wa kuamua. Kwa mwaka mmoja baada ya mabadiliko, raia mwenye stakabadhi ya zamani asitumwe huku na huku. Karani huyo awe na ruhusa ya kutazama kumbukumbu za pande zote mbili, na mashaka yakiwapo, yamwangukie mwenye daftari, yasimwangukie mwenye stakabadhi. Watumishi nao wawe na dirisha lao. Kila mtumishi anayehama apewe karatasi yenye cheki namba yake, tarehe ya kuajiriwa, cheo, siku za likizo anazodai, na makato anayokatwa, aitazame kwa macho yake na kutia sahihi kabla ya jalada lake kuondoka.

Mtatuuliza, ni nani atakayeyafanya haya yote, na mkurugenzi ana mambo mia? Jibu letu ni kamati ndogo: afisa TEHAMA, mweka hazina, afisa utumishi, mtunza kumbukumbu, na mkaguzi wa ndani, kutoka pande zote mbili, wakae tangu juma la kwanza. Kawaida yetu imekuwa kumwita afisa TEHAMA siku ya mwisho, aje kuchomoa nyaya na kubeba mashine. Huko ni kumwita mkunga mtoto amekwisha kuanza kutambaa. Na mtunza kumbukumbu mara nyingi haitwi kabisa, ilhali yeye ndiye ajuaye kilicho katika kila kabati.

Haya yana gharama, hatufichi. Kuendesha mifumo miwili kwa pamoja ni kazi mara mbili kwa mshahara ule ule, na kulinganisha majina elfu kadhaa huchosha macho. Halmashauri mpya ina haraka ya kuonekana imesimama. Ina jengo la kujenga, na madiwani wanaotaka kuona barabara. Daftari haliwekewi jiwe la msingi, wala hapana kiongozi aliyepata kukata utepe mbele ya jedwali la namba za vijiji. Kwa sababu hiyo hasa, asiposimama karani kulitetea daftari, hapana mwingine atakayesimama.

Nchi yetu ina halmashauri 184, na mipaka iliyochorwa na watu itachorwa upya na watu. Huenda kesho ikawa zamu yetu tena, kugawanywa au kuunganishwa. Hilo si letu kuamua. Letu ni kwamba siku hiyo ikifika, mama muuza dagaa akute jina lake mahali alipoliacha, na tarishi mzee akute miaka yake yote imehesabiwa.

Kwa hiyo twaomba, Bwana Mwenyekiti, kwamba kabla ya kuondoka leo kila mwanachama aandike kwa mkono wake jambo moja tu: ni kumbukumbu gani iliyo mikononi mwake ambayo, asipokuja kazini kesho, hapana mtu mwingine ajuaye ilipo. Karatasi hizo akabidhiwe Katibu. Zitakuwa mwanzo wa leja yetu ya kwanza.